Kuchambua polima kwa kromatografia na spektrometria ya tungamo: mwongozo kwa maabara za Dodoma

Mkulima wa zabibu wa Hombolo anapoleta maabara kipande cha mpira wa dripu uliopasuka kabla ya wakati wake, swali lake ni moja tu: kwa nini umepasuka? Nyuma ya swali hilo yamejificha maswali manne, na kila moja lina njia yake ya kujibiwa. La kwanza ni aina ya polima iliyotengenezea mpira huo. La pili ni urefu wa minyororo ya polima hiyo. La tatu ni kitu kilichopo kwenye ncha za minyororo, na la nne ni viambato vilivyochanganywa ndani yake ili kuukinga na jua na joto. Majibu yanatokana na mbinu mbili: kromatografia, inayotenganisha vilivyochanganyika kwa kuvipitisha katika bomba jembamba liitwalo kolamu, na spektrometria ya tungamo, inayovitambua kwa kupima tungamo la molekuli au vipande vyake. Mwongozo huu nimewaandikia wanafunzi wa shahada za juu na mafundi sanifu wa maabara, kwa sababu naona sampuli nyingi zikiingizwa katika mashine ambayo haina kazi siku hiyo, badala ya mashine inayoweza kujibu swali lililoulizwa. Matokeo yanatoka, vilele vinaonekana vizuri kwenye skrini, na mwenye swali anaondoka bila jibu.

Jambo la kushika kabla ya yote ni kwamba polima ya viwandani si molekuli moja yenye uzito mmoja, kama ilivyo sukari au kafeini. Ni kundi la minyororo mirefu na mifupi iliyochanganyika, kila mnyororo ukiwa umeunganishwa kwa vipande vidogo vinavyojirudia viitwavyo monoma, kwa hiyo uzito wake hutajwa kwa wastani, na wastani huo ni wa aina mbili. Mn huhesabu kila mnyororo kuwa mmoja, uwe mrefu au mfupi, ilhali Mw huipa minyororo mizito nafasi kubwa zaidi. Tuchukulie mchanganyiko wenye idadi sawa ya minyororo ya uzito wa 10,000 na ya uzito wa 100,000. Mn yake itakuwa 55,000, Mw itakuwa takriban 91,800, na uwiano wa Mw kwa Mn, unaoitwa mtawanyo, utakuwa 1.67. Namba hii ya mwisho ndiyo itakayoamua baadaye kama spektrometa itasema kweli au itapotosha, kwa hiyo usiipite haraka.

Hatua ya kwanza: kujua kinachoyeyusha sampuli

Kabla ya kuwasha mashine yoyote, weka miligramu chache za sampuli katika vichupa vya kioo na ujaribu viyeyushi. Polistirini, akriliki na PVC isiyo na viungo vya msalaba, yaani vinavyofunga mnyororo mmoja na mwingine, huyeyuka katika tetrahidrofurani, yaani THF, kwa joto la kawaida. Nailoni na PET, ile ya chupa za maji, zinahitaji kiyeyushi kikali na ghali kama heksafluoroisopropanoli. Polietilini, ambayo ndiyo malighafi ya mipira ya dripu na matangi mengi ya maji, haiyeyuki katika kitu chochote kwa joto la chumba. Huyeyuka katika triklorobenzini iliyopashwa moto hadi kati ya nyuzi 135 na 160 za Selsiasi, na hapo inahitajika mashine maalumu ambayo bomba zake zote hubaki katika joto hilo tangu sindano hadi detekta.

Jaribio hili halihitaji zaidi ya vichupa na saa chache za kusubiri, nalo huamua njia nzima. Kisichoyeyuka hakiendi kwenye kromatografia ya kimiminika. Kitaenda kwenye pirolisisi, yaani kuvunjwa kwa joto kali.

Hatua ya pili: kuandaa kipande

Vumbi jekundu la Dodoma huingia katika kila mkwaruzo wa plastiki iliyokaa shambani, na maji ya visima vyetu huacha chumvi inapokauka. Osha kipande kwa maji yaliyoondolewa ioni, kifute kwa isopropanoli kwa kitambaa kisichotoa nyuzi, kisha kikaushe ndani ya chombo cha kioo kilichofunikwa. Usikiweke kwenye mfuko wa plastiki, kwa maana mfuko nao ni polima yenye viambato vyake.

Usiukate mpira popote tu na kusaga kila kitu pamoja. Jua hushambulia uso kwanza, na madhara yake hupungua kadiri unavyoingia ndani, kwa hiyo kusaga kila kitu pamoja ni kuuficha ushahidi. Kwa wembe mpya chukua utando mwembamba wa upande uliotazama juu, mwingine wa upande uliolala kwenye udongo, na wa tatu kutoka katikati ya unene wa ukuta. Ukipata kipande cha mpira wa aina hiyo hiyo ambao haujawahi kutumika, nacho kichukue, maana bila kitu cha kulinganisha hutaweza kusema kimebadilika nini.

Hatua ya tatu: pirolisisi pamoja na GC-MS

Hapa pirolisisi huunganishwa na GC-MS, yaani kromatografia ya gesi yenye spektrometa ya tungamo mwishoni. Kwa plastiki isiyoyeyuka hii ndiyo njia ninayoiamini kuliko nyingine zote, na kwa maabara yenye bajeti ndogo ndiyo ningeanza nayo. Sampuli hutupwa ndani ya tanuru dogo lenye joto la takriban nyuzi 600 bila oksijeni. Minyororo inavunjika kuwa vipande vidogo vinavyoruka kama gesi, kolamu inavitenganisha, na spektrometa inavitambua kimoja baada ya kingine.

Pima kati ya miligramu 0.1 na 0.2 katika kikombe kidogo cha chuma. Mzani uwe wa kupima hadi sehemu ndogo za miligramu, na madirisha yafungwe, kwa maana upepo wa hapa unatosha kuyumbisha mzani na hata kupeperusha utando wenyewe. Kikombe kiunguzwe kwanza kwa mwali wa gesi hadi kiwe chekundu, kipoe, ndipo kipokee sampuli. Usiongeze kiasi kwa tamaa ya kupata vilele vikubwa. Sampuli ikizidi huacha lami ndani ya tanuru na kwenye mdomo wa kolamu, na lami hiyo itaonekana katika sampuli za wengine kwa siku nyingi.

Mipangilio ifuatayo inafaa kuanzia. Kolamu iwe ya polisiloksani yenye asilimia 5 ya fenili, urefu wa mita 30, kipenyo cha ndani milimita 0.25 na utando wa mikromita 0.25. Oveni ianze kwa nyuzi 40 kwa dakika 2, ipande kwa nyuzi 20 kila dakika hadi 320, kisha ikae hapo angalau dakika 10. Kigawanyo cha sindano, yaani uwiano wa gesi inayotupwa nje kwa inayoingia kwenye kolamu, kiwe kati ya 50 kwa 1 na 100 kwa 1, na ioni zitengenezwe kwa elektroni za eV 70, kwa kuwa maktaba nyingi za spektra zimejengwa kwa nishati hiyo. Gesi ya kubebea sampuli kwa kawaida ni heli. Mitungi yake bado hutufikia kwa gharama kubwa, ingawa habari za kuwepo kwa heli katika bonde la Rukwa zilitangazwa mwaka 2016. Anayetumia haidrojeni badala yake ahakikishe kwanza kwamba kuna kitambuzi cha uvujaji ndani ya oveni.

Kabla ya sampuli, pitisha kikombe kitupu. Spektrometa huona ioni, yaani vipande vyenye chaji, na kila ioni hutajwa kwa namba ya tungamo lake. Ukiona ioni za 18, 28 na 32 zikiwa juu, kuna hewa inayoingia, na dawa yake ni kukaza viungio, si kuendelea na kazi. Ioni za 207 na 281 zinazopanda pamoja na joto zinatoka kwenye kolamu yenyewe.

Sasa soma matokeo. Polietilini haitoi kilele kimoja bali msururu mrefu wa vilele vitatu vitatu, kila kundi likiwa na kaboni moja zaidi ya lililotangulia: hidrokaboni yenye viungo viwili maradufu, kisha yenye kimoja, kisha isiyo na hata kimoja. Chora ioni ya 82 kufuatilia ya kwanza, 83 ya pili na 85 ya tatu. Ioni ya 82 iangalie kwa makini zaidi, kwa sababu mafuta na nta navyo hutoa hidrokaboni za aina mbili za mwisho, na alama ya vidole vya binadamu kwenye sampuli inaweza kujifanya polietilini mbele ya macho yasiyozoea.

Polipropilini hujitambulisha kwa 2,4-dimethili-1-hepteni, yenye tungamo la 126 na ioni kubwa ya 70. Hii ndiyo polima ya mifuko mbadala tuliyoizoea sokoni tangu mifuko ya plastiki ilipopigwa marufuku tarehe 1 Juni 2019. Kilele hicho kikijitokeza katika mpira wa dripu unaouzwa kuwa wa polietilini tupu, kuna kila sababu ya kushuku kwamba malighafi ilikuwa plastiki iliyorejelewa na kuchanganywa. Polima hizi mbili hazishikamani vizuri, na mipaka kati yake ndipo nyufa hupenda kuanzia. Polistirini hutoa stirini ya 104, akriliki hutoa metili methakrilati ya 100, nailoni 6 hutoa kaprolaktamu ya 113, na raba ya asili hutoa isopreni na limonini. PVC hutoa asidi ya haidrokloriki kwanza na benzini baadaye, na asidi hiyo hula kolamu na waya wa spektrometa unaotoa elektroni. Ukiishuku, tumia kiasi kidogo kabisa.

Hatua ya nne: kuvisoma viambato kabla ya kuvunja minyororo

Kikombe hicho hicho kinaweza kutumika mara mbili, na uwezo huu husahauliwa mno. Mara ya kwanza pasha sampuli taratibu kutoka nyuzi 100 hadi 300. Polietilini bado haijaanza kuvunjika katika joto hilo, lakini viambato vidogo vinaruka na kunaswa mwanzoni mwa kolamu. Baada ya kuvisoma, rudisha kikombe kwa nyuzi 600 usome polima yenyewe.

Hapa ndipo mpira wa shambani hueleza habari zake. Wazalishaji wengi huweka kiambato cha fosfiti, kile cha tris(2,4-di-tert-butilifenili), chenye tungamo la 646 na ioni kubwa ya 441. Kazi yake ni kujitoa: inapokutana na viini vya uoksidishaji hupokea atomi moja ya oksijeni na kuwa fosfeti yenye tungamo la 662. Linganisha tando zako tatu na mpira mpya. Ikiwa mpira mpya una fosfiti nyingi, katikati ya ukuta ikabaki kiasi, na uso uliotazama juu una fosfeti peke yake, unaona kwa macho jinsi kinga ilivyoisha kuanzia nje kwenda ndani. Ikiwa hata mpira mpya una fosfeti tupu, kinga ilikwisha kiwandani, ama kwa kupashwa moto kupita kiasi ama kwa kurejelewa mara nyingi. Jibu la kwanza linalaumu jua, la pili linalaumu mtengenezaji, na kwa mkulima aliyelipia mipira ya ekari nzima tofauti hiyo ni kubwa mno kuachwa ikisiwe.

Viambato vikubwa haviruki kwa joto hilo bila kuharibika. Kizuia uoksidishaji cha fenoli chenye matawi manne, kinachouzwa kwa jina la Irganox 1010, kina tungamo la takriban 1177, kwa hiyo kitoe kwa kukiloweka. Kata mpira vipande vya nusu milimita, loweka katika diklorometani kwenye kichupa cha kioo usiku kucha, chuja, kausha kwa naitrojeni, kisha yeyusha tena katika methanoli au asetonitrili na uingize katika LC-MS, yaani kromatografia ya kimiminika yenye spektrometa ya tungamo, yenye kolamu ya C18, ambayo chembe zake zimefunikwa minyororo ya kaboni 18. Ukitia amoniamu asetati katika kimiminika kinachosukuma, kitafute kwenye ioni ya 1194.8, ambayo ni molekuli iliyobeba ioni ya amoniamu.

Hatua hizo zote ziambatane na jaribio tupu lililopitia kila chombo na kila kiyeyushi bila mpira. Maabara imejaa plastiki: ncha za pipeti, vifuniko, mirija ya gesi. Ioni ya 149 katika GC-MS na ya 391.28 katika LC-MS ni za fthaleti, viambato vya kulainisha plastiki, nazo hutokea hata mahali ambapo sampuli haina fthaleti kabisa. Usiripoti fthaleti isipokuwa kiasi chake kimezidi jaribio tupu kwa mbali.

Hatua ya tano: urefu wa minyororo kwa GPC

Polima ikiyeyuka, pita njia hii. Kromatografia ya kuchuja kwa ukubwa, ambayo maabara nyingi huiita GPC, ilitangazwa na J. C. Moore mwaka 1964. Kolamu imejazwa chembe zenye vitundu, na minyororo mikubwa, isiyoweza kuingia humo, hupita moja kwa moja na kutoka kwanza, ilhali midogo huzunguka ndani na kuchelewa. Angalia kwamba kinachopimwa ni nafasi ambayo mnyororo unaichukua ndani ya kiyeyushi. Uzito wenyewe haupimwi. Hukisiwa kwa kulinganisha na viwango rejea, yaani polima ambazo uzito wake unajulikana. Ukitumia viwango vya polistirini kupima akriliki, andika wazi kwamba namba ni sawa na za polistirini, au tumia kalibresheni ya jumla inayozingatia mnato, ambayo Grubisic, Rempp na Benoit waliieleza mwaka 1967.

Tengeneza mmumunyo wa miligramu 1 hadi 3 kwa mililita, uache usiku kucha bila kuutikisa kwa nguvu, kwa sababu kutikisa na mawimbi ya sauti huikata minyororo mirefu. Chuja kwa kichujio cha PTFE chenye matundu ya mikromita 0.45 au 0.2. Mtiririko uwe mililita 1 kwa dakika, kolamu ikae kwenye nyuzi 35 au 40, na ingiza mikrolita 100 au pungufu. Viwango rejea visipungue 8, vikisambaa sawasawa kutoka uzito mdogo hadi mkubwa.

Dodoma ipo juu ya usawa wa bahari kwa zaidi ya mita 1,100, na hewa yake nyepesi hufanya viyeyushi vichemke kwa joto la chini kidogo kuliko Dar es Salaam. THF, ambayo pwani huchemka kwa nyuzi 66, hapa huhitaji nyuzi chache pungufu, na katika mchana wa Novemba chupa iliyokaa karibu na dirisha hutoa mapovu yanayoingia kwenye pampu. Kiondoa gesi kifanye kazi muda wote, na chupa ikae kivulini. Hili si jambo dogo, kwa kuwa kalibresheni imejengwa juu ya logi ya uzito: kosa la asilimia 1 tu la mtiririko linaweza kuleta kosa la asilimia 10 au zaidi katika uzito. Kwa sababu hiyo tia tone la toluini katika kila sampuli. Toluini hutoka mwisho, na dakika yake ikisogea utajua mtiririko umebadilika na kiasi cha kurekebisha.

Hatua ya sita: kuhesabu mnyororo mmoja mmoja kwa MALDI

MALDI ni spektrometria ya tungamo ambayo sampuli huchanganywa na matriki, yaani kemikali inayofyonza mwanga wa leza, kisha hurushwa kwa leza. GPC hutoa mlima mmoja laini, bali MALDI hutoa meno ya chanuo, kila jino likiwa mnyororo wenye idadi yake kamili ya monoma. Koichi Tanaka alionyesha mwishoni mwa miaka ya 1980 kwamba leza inaweza kurusha molekuli kubwa bila kuzivunja, na miongoni mwa alizotumia zilikuwamo polima za sintetiki. Alipata sehemu ya Tuzo ya Nobeli ya Kemia mwaka 2002. Mbinu ya kuchanganya sampuli na matriki ya kikaboni, tunayoitumia leo, ilitokana na kazi ya Karas na Hillenkamp.

Polima za sintetiki nyingi hazina chaji, kwa hiyo zinahitaji chumvi ya kuzibebesha. Akriliki na polietilini glaikoli hupokea sodiamu vizuri. Polistirini, isiyo na oksijeni, huhitaji fedha. Tayarisha matriki ya DCTB kwa miligramu 20 kwa mililita, polima na chumvi ya trifluoroasetati kila moja kwa takriban miligramu 2 kwa mililita, zote katika THF. Changanya kwa uwiano wa 10 kwa 1 kwa 1, weka nusu mikrolita kwenye bamba na uache ikauke. Anza na leza dhaifu kabisa, ipandishe hadi ishara itokee, kisha simama hapo hapo. Leza kali hukata ncha za minyororo.

Nafasi kati ya jino na jino hutaja monoma: 44.026 ni polietilini glaikoli, 72.021 ni asidi ya polilaktiki, 100.052 ni akriliki, 104.063 ni polistirini. Kinachobaki baada ya kutoa monoma zote na ioni iliyobebwa ni ncha mbili za mnyororo. Chukua kilele cha polietilini glaikoli kwenye 1537.891. Toa sodiamu, 22.989, upate 1514.902. Gawa kwa 44.026: monoma 34 zinachukua 1496.891, na kinabaki 18.011, ambacho ni haidrojeni upande mmoja na haidroksili upande wa pili. Kama kingebaki 32.026, ncha moja ingekuwa na kikundi cha methili.

Kando ya kilele hicho mara nyingi utakiona kingine kwenye 1553.865. Wengi hukiita oksijeni iliyoongezeka na kuandika kwamba polima imeoza. Tofauti ya vilele hivyo viwili ni 15.974, ilhali oksijeni ni 15.995; hiyo 15.974 ni tofauti kati ya potasiamu na sodiamu. Katika mji ambao maji ya bomba yana chumvi kiasi hiki, potasiamu inayobaki kwenye vyombo vilivyosuuzwa kwa maji hayo inatosha kutoa msururu mzima. Kama mashine yako haiwezi kutenganisha 0.021, ongeza sodiamu katika mchanganyiko na upime upya: msururu wa potasiamu utafifia, ila oksijeni halisi haitaondoka. Msururu mdogo wenye hatua za 44 katika sampuli isiyo na polietilini glaikoli nao uufuatilie hadi kwenye sabuni ya kuoshea vyombo.

Ule mtawanyo wa mwanzoni sasa unadai haki yake. Ukizidi takriban 1.2, MALDI huipendelea minyororo midogo na kuinyima mikubwa, hata Mn na Mw zikatoka ndogo kuliko zilivyo. Usizitangaze. Pitisha sampuli kwenye GPC, kusanya matone yanayotoka katika vichupa vingi vidogo, kisha pima kila kichupa kwa MALDI. Kila sehemu itakuwa na mtawanyo mwembamba, uzito wake utakuwa wa kweli, na kwa uzito huo unaweza kuichorea GPC yako kalibresheni ya polima yenyewe bila kutegemea polistirini.

Umeme, mabaki na ripoti

Spektrometa iliyokatikiwa umeme ghafla hupoteza utupu na huweza kuharibu pampu yake, hivyo UPS na jenereta vihesabiwe kuwa sehemu ya mashine tangu siku ya kuinunua. THF iliyofunguliwa ipimwe peroksidi kwa karatasi maalumu na isikaushwe kamwe hadi ikaisha, kwa sababu peroksidi zake hulipuka. Mabaki ya viyeyushi vyenye klorini yatengwe katika chombo chake na yakabidhiwe kwa utaratibu wa Mamlaka ya Maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali. Kumwaga chini ni marufuku kabisa. Mji huu unakunywa kwa kiasi kikubwa maji ya visima vya Makutupora, na viyeyushi vya namna hiyo vikishuka kwenye maji ya ardhini ni vigumu mno kuvitoa.

Katika ripoti taja sehemu ya mpira iliyokatwa, kiyeyushi, kolamu, joto, viwango rejea, matriki na chumvi, na uweke grafu ya jaribio tupu karibu na ya sampuli. Kisha, kwa ukurasa wa kwanza ambao mkulima au afisa ugani atausoma, andika majibu ya maswali manne kwa sentensi nne: polima ni gani na kama imechanganywa, minyororo imekatika au la, au kwamba hilo halikupimwa kwa kukosa GPC ya joto kali, ncha zina nini, pale inapohusika, na kinga iliyobaki ni kiasi gani kwenye uso ukilinganisha na katikati na mpira mpya.